Sebuleni, duka la mtaani au stoli mjini? Ulinganisho wa fundi wa Nakuru

Saa tatu usiku, watoto wako mezani, simu inalia: "Fundi, niko kwa geti." Ni mwenye blauzi ya harusi ya kesho. Unamfungulia. Anapita katikati ya sahani, anaingia chumbani kwako kuijaribu kwa sababu hakuna pengine pa kubadilishia, anatoka, anageuka mbele ya televisheni, na baba watoto anajifanya anasoma gazeti la juzi. Usiku kama huo ndio humfanya mtu aamke akisema: leo natafuta duka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Nimeshonea sebuleni, nimekaa stoli mjini miezi saba, na nimepanga duka la mtaani. Kote kutatu nimepata pesa, na kote kutatu nimelia. Kwa hiyo usitarajie hadithi ya mtu aliyetoka nyumbani akatajirika. Haya ni maswali ambayo laiti mtu angeniuliza kabla sijalipa depositi ya kwanza. Mifano yangu ni ya vitambaa na uzi kwa kuwa ndiyo kazi niijuayo, lakini anayeoka keki, anayesuka nywele na anayetengeneza simu watajiona humu.

Tunapima nini

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kubaki nyumbani. Ya pili ni duka la mtaani, yaani kile chumba cha chini cha ploti kinachotazama barabara, cha Shabab, Free Area, Langalanga au popote unapoishi. Ya tatu ni stoli mjini, ndani ya yale majengo karibu na Kenyatta Avenue yaliyogawanywa kwa mbao na vioo hadi kila mtu ana mita zake chache.

Vipimo nitakavyotumia ni hivi: mteja anakufikiaje, unachopungukiwa ni nini hasa, mwezi mbaya utaulipaje, mahali penyewe pakoje, karatasi zinasemaje, na nyumba yako inapata nini au inapoteza nini. Viwili vya kwanza ndivyo vizito. Ukivijibu vizuri, vilivyobaki ni hesabu tu.

Mteja anakufikiaje

Chukua daftari uandike wateja wako ishirini wa mwisho. Mbele ya kila mmoja, andika alikujaje. Aliyetumwa na dada yake, na aliyeona gauni lako kwenye ruracio, sherehe ya mahari, akauliza "nani alikushonea?", hao ni wateja wa kuulizia. Aliyekuwa akipita, akaona kitu, akasimama, ni mteja wa kupita. Usikisie. Andika kweli, hata kama jibu halikupendezi.

Nyumbani unaishi kwa wateja wa kuulizia peke yao. Hao ni wateja wazuri. Watavuka mji mzima, watapiga simu geti likiwa limefungwa, na bei hawabishani nayo sana kwa sababu wamekuja kwako wewe, hawajaja kutafuta fundi yeyote. Dirisha lako la maonyesho ni status ya WhatsApp. Ubaya ni kwamba wanaongezeka polepole, na wengine, hasa shule, kwaya na ofisi, husita kuacha malipo ya awali ya sare sitini kwa mtu anayewapokea kwenye kochi. Kazi yako inaweza kuwa safi kuliko ya mwenye duka, lakini wanajiuliza: huyu akihama nyumba tutampata wapi?

Duka la mtaani linakuletea wapita njia wale wale kila siku. Mwanzoni nililiona hilo kuwa kasoro. Baadaye nikaelewa. Mtu anakuona Jumatatu anaenda kazini, anakuona Jumanne, na wiki ya tatu anakuja na suruali ya kukunja. Zipu, kola, kifungo, sketi ya mtoto iliyochanika michezoni: kazi ndogo ndogo za mia na mia mbili ambazo nyumbani hazikuwahi kunifikia. Hizo ndizo zinanunua mkate wa jioni. Ila mtaa nao una deni lake. Jirani akisema "nitakutumia jioni", utamwambia nini, na kesho mtakutana kwa muuza mboga?

Mjini kuna watu wengi, lakini swali ni wangapi wanapita *kwako*. Stoli yangu ilikuwa ghorofa ya kwanza, mlango wa tisa kwenye korido. Aliyepanda zile ngazi alikuwa tayari anajua anakwenda kwa nani. Kabla hajanifikia alikuwa amepita mafundi wanne, na alipofika kwangu alikuwa na bei ya wa kwanza mdomoni. Kwa upande mwingine, anayetoka Njoro, Molo, Subukia au Bahati huja mjini kufanya mambo yake yote kwa siku moja. Huyo hawezi kukutafuta Shabab. Nilipata wateja wazuri wa mashambani ambao nisingewapata kwa njia nyingine yoyote. Tena vitambaa, lining na zipu viko hatua chache, hupandi boda kufuata uzi wa rangi moja.

Jambo moja kuhusu watu wa mjini: wanaweza kuhamishwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, steji za matatu ziliondolewa katikati ya mji, na wenye maduka waliokuwa wakilipia ule msongamano walibaki wakilipa kodi ile ile huku watu wakishukia mbali. Ukilipia umati, kumbuka kwamba umati huo si wako.

Unapungukiwa na nini: wateja, mikono au nafasi?

Hapa ndipo mimi nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme gauni moja, ukitoa kitambaa, uzi na lining, linakuachia shilingi 400. Tuseme pia stoli ya mjini ni 15,000 kwa mwezi, nauli ni 100 kwa siku na chakula cha mchana 150, siku 26. Nauli inafika 2,600, chakula 3,900. Jumla ni 21,500. Gawanya kwa 400 upate magauni 54, na hapo hujalipa hata tokeni ya stima. Fundi mmoja akijitahidi bila kusumbuliwa hushona magauni matatu kwa siku, sabini na nane kwa mwezi. Ukiondoa 54 unabaki na 24.

Duka la mtaani la 8,000, na 300 za mlinzi wa usiku, ni magauni 21. Katika yale 78 unabaki na 57.

Nyumbani, ukikatizwa na chakula, watoto na wageni, labda unashona mawili kwa siku. Hayo ni 52 kwa mwezi, na yote ni yako.

Soma tena hizo namba tatu: 24, 57, 52. Ni za mfano, weka zako. Nilichotaka uone ni kwamba kuhama hakuongezi mikono. Kwa kazi ya mikono, kama tayari umejaa oda na unalala saa saba usiku, tatizo lako si mahali. Stoli mjini ingekuletea wateja zaidi wa kuwaambia "rudi wiki ijayo". Dawa yako huenda ni msaidizi, au ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, au kupandisha bei. Ndiyo, kupandisha bei. Mafundi wengi tunaogopa hilo kuliko tunavyoogopa mwenye nyumba.

Mambo yanageuka ukiuza kitu kilichokwisha tengenezwa. Anayeuza viatu, vipodozi au sare zilizoshonwa tayari hapungukiwi na mikono, anapungukiwa na macho ya watu. Akipata wateja mara tatu, anauza mara tatu. Huyo stoli ya mjini inaweza kumlipa vizuri hata kwa kodi ambayo mimi ingenizika. Msusi naye ni kazi ya mikono, lakini nafasi ikiruhusu viti vitatu na wasusi watatu, kila kiti kinamlipia kodi. Nyumbani viti vitatu ataviweka wapi?

Halafu kuna anayepungukiwa na nafasi tu. Wateja wapo, wasaidizi wapo, lakini meza ya kukatia ndiyo meza ya chakula na marobota yako chini ya kitanda. Huyo hahitaji barabara yenye watu. Anahitaji chumba, hata cha uani, hata cha ghorofa ya tatu, cha bei ya chini kabisa. Nimeona watu wakilipia uso wa barabara wakati walichotaka ni sakafu.

Mwezi mbaya

Desemba na Januari kila fundi ni tajiri. Krismasi, harusi, kisha sare za shule. Wenye nyumba wanalijua hilo, na ndiyo maana mtu huonyeshwa duka Desemba. Kodi ipime kwa Februari na Machi, wakati wazazi wamemaliza kila kitu kwenye karo na hakuna anayeshona hata kitambaa cha meza.

Nyumbani Februari inauma lakini haiui. Hata hivyo, nyumbani si bure kama tunavyojidanganya. Kama unalipia vyumba viwili vya kulala na kimoja kimemezwa na cherehani, sehemu ya kodi hiyo ni ya biashara. Iandike. Kuna watu ambao wangeweza kuhamia nyumba ndogo, wapange duka kwa tofauti iliyobaki, na matumizi yao yabaki pale pale.

Mtaani, kabla ya mteja wa kwanza kuna depositi, kodi ya mwezi wa kwanza, grili, rafu, rangi na bango. Mjini yote hayo yapo na mara nyingi gudwili juu yake: pesa za kumlipa anayekuachia mlango, ambazo hakuna atakayekurudishia. Halafu uliza swali ambalo mimi sikuuliza: je, kodi hiyo ina VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani? Kodi ya nyumba ya kuishi haitozwi VAT, lakini ya jengo la biashara hutozwa asilimia 16 kama mwenyewe amesajiliwa kuilipa. Ile 15,000 uliyoambiwa kwa simu inakuwa 17,400 kwenye karatasi. Tofauti hiyo ni magauni sita.

Kanuni yangu, ambayo si ya kitabu chochote: kabla ya kuhama, weka kando kodi ya miezi mitatu mbali na depositi. Na kwa miezi mitatu kabla ya kuhama, ukiwa bado nyumbani, jilipe ile kodi. Itume kwenye akaunti usiyoigusa kila tarehe tano. Ukishindwa mwezi wa pili, duka limekujibu kabla hujalipanga. Ukiweza, hizo ndizo pesa zako za akiba.

Vumbi, stima na wezi

Wazee husema jina Nakuru lenyewe lilitoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Ukitaka kuamini, tundika blauzi nyeupe mlangoni mwa duka la barabarani mwezi wa Januari. Nilitundika moja asubuhi kama mfano wa sare. Jioni ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi, na kidole changu kilibaki kimechorwa kwenye kola. Siku hizi ninaonyesha vitambaa vya rangi nzito, vyeupe vinakaa ndani ya nailoni. Anayeuza keki au kuku wa kukaanga kando ya barabara ya murram afikirie sanduku la kioo kabla ya kufikiria bango.

Stoli ya mjini haina vumbi, ina giza. Unashonea kwenye taa mchana kutwa, na nyuzi za bluu nzito na nyeusi utazichanganya tu. Stima mara nyingi ni ya mita moja ya jengo, mnagawana kwa maneno: mwenye pasi na mwenye kuchaji simu wanalipa sawa, na kila mwezi kuna ugomvi. Omba mita yako ya tokeni, au angalau mita ndogo ya kuhesabu. Ujue pia kwamba mita ya biashara ina bei yake ya stima, si lazima iwe sawa na ya nyumbani uliyoizoea.

Nyumbani mwanga upo na stima ni yako, ila mitambo inalia. Ovaloki saa nne usiku kwenye nyumba za kupanga inasikika milango mitatu. Jirani atavumilia wiki mbili, ya tatu atampigia keyateka.

Kuhusu usalama, nyumbani vitu vinalala na wewe, lakini kila mteja anajua sebule yako ina nini. Mjini jengo hufungwa na lina mlinzi. Mtaani unategemea grili, kufuli na yule mzee wa rungu mnayemchangia. Cherehani ya umeme mimi huibeba nyumbani Jumamosi jioni.

Na kabla ya kupenda kibanda kilicho karibu kabisa na lami, angalia kama kiko kwenye hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengewa barabara. Ile alama ya X nyekundu ya kubomolewa haina rufaa ya machozi, na kwa upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit inayopita hapa hapa mjini kwetu, si jambo la kudhania litawapata wengine.

Karatasi

Wengi huamini ukiwa nyumbani hakuna sheria inayokuona. Permiti ya kaunti inafuata biashara, haifuati mlango wa kioo. Tofauti ni kwamba dukani askari wa kaunti anaona bango na kuingia, na bango lenyewe lina ada yake. Mkataba wako wa nyumba nao, ukiusoma, huenda umeandikwa ni ya makazi tu. Kazi ikikua hadi kubadilisha nyumba kuwa karakana, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi. Fundi mmoja na cherehani yake hasumbuliwi sana. Oka mkate wa kusambaza madukani uone.

Kwa wenye chakula, karatasi zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazoamua. Kila anayegusa chakula anahitaji cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita, na jiko lazima likubaliwe na afisa wa afya. Jiko la nyumbani ambalo mtoto anapitia kwenda uani ni gumu kulipitisha. Ukitaka keki zako zilizofungwa ziingie kwenye rafu za maduka, utakutana na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia. Kwa mwokaji, chumba kidogo cha mtaani chenye sinki na vigae mara nyingi kinashinda vyote, hata kama hakuna hata mteja mmoja anayepita mlangoni.

Ushuru haubadiliki kwa kuhama. Mauzo yakizidi shilingi milioni moja kwa mwaka na hayajafika milioni 25, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3 tangu Julai 2023, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unatozwa kwenye mauzo, si faida. Milioni kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi, na fundi anayeuza pamoja na kitambaa anafika hapo bila hata kujiona tajiri. Kinachobadilika ukihama ni kwamba faida inapungua huku ile asilimia 3 ikibaki pale pale.

Sasa mwenye jengo. Mwezi wa tano wa stoli yangu nilipokea ujumbe wa simu: "Kuanzia mwezi ujao kodi imeongezeka." Nikalipa. Sikujua kwamba Sura ya 301 ya sheria zetu, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa au ni wa miaka isiyozidi mitano. Kwa mpangaji huyo, mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kukutoa kwa ujumbe wa simu. Anapaswa kukupa notisi kwa fomu maalumu, angalau miezi miwili kabla. Wewe una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, na kabla tarehe ya notisi haijafika unaweza kupeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Hata kukamata bidhaa zako kwa sababu ya kodi kunahitaji ruhusa ya baraza hilo.

Ndiyo sababu wenye majengo makubwa hukuletea mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Ile miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati. Inaupitisha mkataba juu ya miaka mitano ili ulinzi huo usikufikie. Si lazima ukatae, kwa sababu mkataba mrefu unakupa uhakika wa kodi inayojulikana, lakini soma kodi inapanda kwa kiasi gani kila mwaka na utatokaje biashara ikikataa.

Nilipotoka mjini, depositi yangu haikurudi. Niliambiwa imeishia kwenye rangi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo na risiti zilikuwa na neno "imelipwa" bila tarehe. Siku hizi napiga picha kila kona ya duka siku ya kuingia, kisha namtumia mwenyewe picha hizo kwa WhatsApp ili zibaki na tarehe.

Nyumba yako

Nitasema machache kwa sababu hapa kila mtu anajijua. Nyumbani unamwona mtoto anaporudi shule, unakoroga uji huku pasi ikipata moto. Nyumbani pia ndiko mwanangu alikanyaga pini ikamwingia yote mguuni, na ndiko sikuwahi kufunga kazi hata Jumapili moja. Mjini unafunga saa kumi na mbili na kazi inabaki huko, lakini unatoka gizani na kurudi gizani, na nani atapokea watoto? Mtaani uko katikati: mtoto anaketi kwenye benchi la duka akifanya kazi ya shule, na wateja wanamjua kwa jina. Wengine hawapendi hilo. Mimi sikuona ubaya.

Njia za katikati

Meza ndani ya duka la mwingine: msusi anampa fundi kona, fundi anachangia kodi. Kiti cha kukodi kwenye saluni kwa siku mbili za wiki. Kontena. Kizimba cha soko la kaunti, ambako ada ni ndogo lakini lazima upitie ofisi ya soko na ufuate zamu yako. Hizi zote ni nzuri kwa kujaribu, mradi uandikiane na mwenzako nani analipa stima.

Kwa hali yako

Kama katika wateja ishirini, kumi na saba ni wa kuulizia na oda zimejaa, baki nyumbani kwa sasa. Pandisha bei, tafuta msaidizi wa mchana, weka saa za kupokea wateja na uzitangaze. Pazia la kona moja kama chumba cha kujaribia halifiki hata depositi ya mwezi.

Kama unauza bidhaa zilizo tayari na wateja wako wengi wanatoka nje ya mji, stoli mjini ina maana. Tafuta ya chini, au ghorofa ya kwanza karibu kabisa na ngazi, hata ikiwa ndogo zaidi. Anza Septemba ili ushike Desemba, usianze Januari ikiwa sare si kazi yako.

Kama unataka kazi ndogo ndogo za kila siku, una watoto wa shule, na watu wa mtaa wanakujua, duka la mtaani litakufaa, ukiweza kusema "lipa kwanza" bila kuona haya.

Kama shida ni nafasi peke yake, kodi chumba, usikodi barabara. Kama ni chakula, anza na afisa wa afya kabla ya kuanza na mwenye duka. Na kama kinachokusukuma ni maneno ya ndugu kwamba "biashara ya nyumbani si biashara", ngoja miezi mitatu ukijilipa ile kodi, halafu mzungumze tena.

Ukishachagua mlango, usilipe siku hiyo. Nenda Jumanne ya wiki ya tatu ya mwezi, wakati pesa zimemwishia kila mtu. Keti kwenye kibanda cha chai kinachoutazama, kuanzia saa nne hadi saa saba, uhesabu wanaopita na wanaosimama. Mimi nilikunywa vikombe vitatu na mandazi manne. Kabla sijamaliza kuhesabu, mama wa chai akaniambia bila kuulizwa kwamba aliyekuwa mle alihama kwa sababu ya mvua za Aprili: maji huingia kwa nyuma hadi rafu ya chini. Nilipanga mlango wa tatu kutoka pale, ulio na ngazi mbili za saruji, na magauni ya harusi bado nayamalizia nyumbani.